Mbayuwayu wa Kitulo wamesharudi na mvua bado. Nani anawapa taarifa?

#1 Mlima_Poroto
Wakuu, habari za jioni.

Mwishoni mwa wiki nilipanda uwanda wa juu wa Kitulo kupitia Isyonje na Kikondo. Hali ya huko kwa sasa: nyasi kavu, vipande vikubwa vimeungua na majani machanga ndiyo kwanza yanachomoza kwenye majivu, asubuhi ukungu hadi saa tatu, mchana jua linachoma. Mvua hata tone. Lakini mbayuwayu wa buluu wameshafika. Nimewakuta wawiliwawili juu ya bonde, wanaruka chini kabisa, tumbo nusura liguse nyasi. Dume utamjua kwa nyuzi mbili ndefu za mkiani. Akiwa kivulini unaona mweusi tu, jua likimpiga anang'aa buluu mwili mzima.

Ndege hawa kuanzia Mei mpaka Agosti huwaoni huku. Wanakuwa Uganda, magharibi mwa Kenya na maeneo ya Ziwa Victoria. Sisi Mbeya ni watu wa msimu mmoja, mvua ya uhakika ni Novemba. Sasa niambieni: ndege aliyeko Uganda, kilomita 1,000 hivi kutoka hapa, anajuaje kuwa muda wa kurudi Kitulo umefika ilhali mvua yenyewe haijaanza? Nimelifikiria hili njia nzima nikishuka Uyole. Karibuni.

#2 Msangu_Halisi
Jibu liko wazi mkuu. Mvua haiwaiti ndege, ndege ndio wanaiita mvua. Huku Mbarali mumbi akianza kuunguruma alfajiri, wazee wanasema tafuta jembe. Dudumizi naye akilia mfululizo kule bondeni, usianike nafaka nje ukaenda msibani. Wazee wetu walilima kwa kuwasikiliza hao na wakatulea.

#3 Binti_Matamba
Asante mleta uzi, umenigusa. Mimi ni mkulima wa viazi, Matamba, hao ndege nawajua tangu utoto. Watu wengi hawafahamu kwamba hawajengi kwenye kenchi wala chini ya daraja. Wanaingia ardhini, kwenye mashimo ya muhanga (yule mnyama mla mchwa). Kuna shimo mpakani mwa shamba letu na mbuga. Niliwahi kulichungulia saa ambayo jua linaingia: nusu kikombe cha tope lililochanganywa na majani makavu, kimebandikwa ukutani karibu na dari ya shimo, ndani kumetandikwa nyasi laini na manyoya meupe. Nikasogea kando nikachuchumaa. Yule ndege alikuja kwa kasi ileile anayorukia angani, akazama shimoni bila kupunguza mwendo.

Kuhusu swali lako, kwetu wanaonekana wakati tunasafisha mashamba na moto unawaka kila upande. Mimi nahisi moto una mkono wake hapo.

#4 Kijana_wa_Mafiati
Mbona mnalikuza jambo dogo? Mbayuwayu wanatoka Ulaya, wanakimbia baridi. Tulifundishwa shule ya msingi. Huko kwao kukianza kuganda, wanashuka Afrika. Haihusiani na mvua yetu wala moto wa Matamba.

#5 Mwalimu_Tukuyu
Mwanangu wa Mafiati, hapo kuna ndege wawili tofauti na umewaweka kapu moja.

Mbayuwayu wa Ulaya ana koo la rangi ya kutu, mkanda mweusi kifuani na tumbo jeupe. Huyo ndiye unayemwona kwenye nyaya za umeme pale Uyole, wamejipanga mamia. Anafika kuanzia Septemba, Oktoba, anakula, anabadili manyoya, anaondoka Machi au Aprili. Huku hatagi.

Wa buluu ni Mwafrika tangu yai. Anataga kwenye mbuga za majani za nyanda za juu tu: Afrika Kusini, Eswatini, Zimbabwe, Malawi na huku kwetu. Kisha anapanda kaskazini kwenda kupumzika kwenye majani ya Uganda na Kenya. Hakimbii theluji. Kwa hiyo swali la Mlima_Poroto halijajibiwa, tena ni swali zuri sana.

#6 Kijana_wa_Mafiati
Shikamoo mwalimu. Nimekupata, wa Uyole ni wale wageni. Basi hawa wa buluu nao waambiwe na nani? Napiga kambi hapa.

#7 Mwaka_wa_Tatu
Habari wanajukwaa. Nasoma mambo ya wanyamapori Morogoro. Kitu kinachojulikana zaidi duniani kuhusu ndege wahamaji ni urefu wa mchana. Mchana ukirefuka au kufupika, homoni za ndege zinabadilika: anakula sana, anaweka mafuta, usiku hatulii, halafu anaondoka. Hali ya hewa inaweza kumdanganya ndege mwaka huu au ujao, ila jua halibadilishi ratiba. Ndiyo maana wanafika karibu tarehe zilezile hata mvua ikichelewa.

#8 Mlima_Poroto
Asante mdogo wangu, ila hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Pale mchana na usiku vinalingana takriban mwaka mzima. Ndege aliyekaa pale tangu Aprili anasoma saa gani?

#9 Mwaka_wa_Tatu
Swali la haki. Kuna mambo mawili ninayoyafahamu.

La kwanza, mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner alichukua kindege kimoja kutoka Kenya, kile chenye kichwa cheusi na kifua cha kahawia nyekundu kinachopenda kukaa juu ya vijiti (hata Kitulo kipo, ukipita utakiona juu ya mabua makavu). Akawafuga ndani kwenye mwanga usiobadilika kwa miaka. Bado walibadili manyoya na kuingia majira ya kuzaa kwa mzunguko wao wenyewe. Maana yake kuna saa ndani ya mwili isiyosubiri jua wala mvua.

La pili, mwaka 1998 Michaela Hau na wenzake walionyesha kuwa ndege mmoja wa msituni huko Panama anatambua mchana ulioongezeka kwa dakika 17 tu, na mwili wake unaanza kujiandaa kuzaa. Dakika 17! Kwa hiyo tofauti ambayo sisi tunaiona si kitu, kwa ndege inaweza kutosha.

#10 Mlima_Poroto
Panama iko nyuzi 9 hivi kaskazini ya ikweta, Kitulo nayo nyuzi 9 hivi kusini. Ndege wa Panama angekuwa Kitulo ningekubali moja kwa moja. Shida ni kwamba huyu wetu wakati wa kuamua kurudi yuko Uganda, na Uganda hata hizo dakika 17 kuzipata ni kazi. Hiyo saa ya ndani ndiyo inanivutia zaidi. Lakini saa ya ndani bila kitu cha kuirekebisha si itapotea kidogo kidogo kila mwaka?

#11 Mwaka_wa_Tatu
Inapotea kweli. Wale waliofungiwa mizunguko yao haikuwa miezi 12 kamili. Huko nje lazima kuna kitu kinachoirudisha sawa. Wenye jibu walete.

#12 Msangu_Halisi
Mmetoka Kitulo mkapita Kenya mkaenda Panama, na mumbi yuko hapa Rujewa ananguruma bure.

#13 Mwalimu_Tukuyu
Ndugu yangu Msangu, mumbi na dudumizi hawahami. Wapo huko Usangu mwaka mzima, kiangazi na masika. Dudumizi analia zaidi mvua ikikaribia kwa sababu ndiyo wakati wake wa kutafuta mwenza na kuzaa, majani yakiwa mengi na panzi na vyura wamejaa. Wazee hawakukosea kumsikiliza, maana sauti yake na mvua vinakwenda pamoja. Lakini kwenda pamoja si kwamba mmoja kamleta mwenzake.

#14 Msangu_Halisi
Mwalimu, kama anajiandaa kuzaa kabla mvua haijanyesha, maana yake anajua. Tumerudi palepale. Nani kamwambia?

#15 Dereva_wa_Fuso
Uzi mtamu huu. Mimi napakia viazi Matamba nashuka Chimala kwa ile barabara ya Hamsini na Saba. Wasioijua: ni kona 57, ukishuka na mzigo kiangazi breki zinanuka, ukishuka masika unasali. Ninachoweza kuchangia ni hiki. Mwezi wa kumi, jioni, pale juu kabla ya kona ya kwanza, upepo unageuka. Kiangazi chote upepo unatoka kusini mashariki, mkavu na baridi. Ghafla unapata siku upepo wa uvuguvugu unapanda kutoka Usangu, na mawingu yanaanza kujikusanya ukingoni mwa mlima. Ndege nawaona hapohapo kwenye ukingo, wanazunguka bila kupiga mabawa. Kwa hiyo mimi nasema ni upepo.

#16 Mrina_Asali_Chunya
Kamwene wote (mimi asili yangu Iringa, asali ndiyo imenileta Chunya).

Mnabishana kuhusu ndege, mmesahau miti. Nendeni Chunya sasa hivi muangalie miyombo. Tangu Agosti mwishoni ardhi imekauka hadi inapasuka, na miyombo inatoa majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, msitu mzima. Kisha maua. Nyuki wanafanya kazi kutwa na asali inaanza kujaa mizingani, na mvua bado wiki nyingi. Mti hauna macho ya kupima dakika 17, hauendi Uganda wala haurudi. Unatumia maji uliyoyahifadhi ardhini na mwilini, unatangulia, ili tone la kwanza likianguka majani yameshakomaa yanaanza kazi mara moja.

Mkulima naye anafanya hivyohivyo, anapanda kwenye vumbi. Anayesubiri ardhi ilowe amechelewa. Mimi naona ndege, mti na mkulima wote wanafuata hesabu moja: tangulia.

#17 Binti_Matamba
Kaka Mrina umesema jambo. Na kwa hawa wa buluu kutangulia kuna sababu nyingine: mashimo. Mashimo ya muhanga si mengi, na yanayofaa ni machache zaidi, maana mengine yanajaa maji mvua ikikolea. Wanaweza kutotoa mara mbili kwa msimu mmoja wakiwahi. Anayechelewa anakuta shimo lina mwenyewe.

#18 Mvua_ya_Busokelo
Mnavyohangaika na mwanzo wa mvua nawaonea huruma. Huku kwetu Rungwe hakuna mwanzo kwa sababu mwisho hatuujui. Mbayuwayu wakija Tukuyu waje na miavuli.

#19 Msangu_Halisi
@Mvua_ya_Busokelo nyie kaeni na ndizi zenu, hili ni la watu wa kiangazi.

#20 Mchunga_Maziwa
Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ng'ombe wa maziwa uwanda huohuo, naomba nijibu la moto alilolitaja dada wa Matamba.

Ni kweli ndege wanapenda palipoungua. Moto ukipita, baada ya siku chache majani yanachipua, panzi na nzi wanaonekana wazi kwa sababu hakuna pa kujificha. Mbayuwayu wanakuja kuokota hapo. Tandawala mkubwa naye anatembea kwenye majivu asubuhi kama mwenye shamba. Huyo dume akitaka jike anajaza hewa kooni, shingo na kifua vinavimba vyeupe, unamwona kutoka ng'ambo ya bonde ukadhani mtu kaangusha shuka.

Lakini tusije tukasema moto ndio unawaita. Kuna mwaka maeneo mengine hayakuungua na ndege walikuja vilevile. Tena tutofautishe. Moto wa mapema, unaochomwa kwa mpango nyasi zikiwa na unyevu, unaacha vichaka na kingo za mito. Moto wa Oktoba unaondoka na kila kitu, hata viota vya walioanza mapema juu ya ardhi. Maua mengi ya Kitulo yanasalimika kwa sababu viazi vyake viko chini, lakini kifaranga cha tandawala hakina pa kujichimbia.

#21 Kamwene_Mufindi
Mchunga umesema vizuri. Mimi naongeza vinyungu. Wasiotoka Iringa na Njombe: ni bustani za mabondeni tunazolima kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Septemba milima yote ni ya kahawia, ila vinyungu ni kijani, na juu yake jioni kuna wadudu wadogo wamesimama angani makundi kwa makundi. Mbayuwayu wote wa Mufindi wako hapo. Kitulo nayo ina mabonde ya majimaji yasiyokauka, ndiyo chanzo cha mito inayoingia Ruaha Mkuu. Kwa hiyo ndege hahitaji mvua ifike. Tope la kujengea lipo, wadudu wapo, ukungu upo. Sisi ndio tunasema "kabla ya mvua" kwa sababu tunapima kwa mahindi.

#22 Mlima_Poroto
@Kamwene_Mufindi hii sikuwa nimeiwaza. Ni kweli, tope nililiona pembezoni mwa kijito na ndege alishuka kulichota mdomoni.

#23 Mpiga_Picha_Mbeya
Nimechelewa uzi, ila naomba niwape kitu cha kufikiria. Wadudu nao wanasafiri.

Kuna kereng'ende wa rangi ya njano, yule anayejaa juu ya viwanja vya mpira mvua za kwanza zikinyesha. Mwaka 2009 mtafiti wa Maldives, Charles Anderson, alieleza kuwa mamilioni yao wanapita visiwa vile kila Oktoba na kuendelea wakitokea India, na akasema wanavuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki wakibebwa na upepo. Kwenye msafara huohuo kuna kozi mdogo wa Amur anayezaliana upande wa Siberia na China. Naye anavuka bahari ileile, anafika kwetu Novemba na Desemba mvua zikiwa zimeanza, anakula kumbikumbi hewani kwa kucha huku anaruka. Nina picha yake Igurusi ameshika kumbikumbi, mabawa ya mdudu bado yanachezacheza.

Kwa hiyo Dereva_wa_Fuso hayuko mbali. Upepo unageuka, mvua inasogea na upepo, wadudu wanasogea na mvua, ndege wanasogea na wadudu.

#24 Mwaka_wa_Tatu
Mkuu kwa kozi wa Amur nakubali, kwa teleka pia, wale wanatangulia mbele ya dhoruba kabisa. Kwa mbayuwayu wa buluu hesabu inagoma. Ukanda wa mvua unafuata jua: Septemba hadi Novemba mvua ya pili iko Uganda, kisha unashuka, kwetu unafika Novemba kwenda Desemba. Angekuwa anafuata wadudu wa mvua angebaki Uganda, maana anaondoka huko mvua ikianza kunyesha. Anaacha shibe anakuja kwenye nyasi kavu. Hakuna mnyama anayefanya hivyo kwa kufuata tumbo.

#25 Mrina_Asali_Chunya
Au ndiyo taarifa yenyewe! Mvua ikianza Uganda, anajua baada ya wiki kadhaa itakuwa Kitulo. Anaondoka na tone la kwanza la huko ili awahi tone la kwanza la huku. Hiyo si ndiyo ile ya kuirekebisha saa ya ndani mliyokuwa mnaitafuta?

#26 Mwaka_wa_Tatu
Daah. Kaka Mrina, hii ningependa kuiona ikipimwa. Ila mvua ya Uganda nayo haina tarehe moja, inatangulia na kuchelewa. Ndege wakifika Kitulo wiki ileile kila mwaka, basi si hiyo. Wakichelewa mwaka ambao Uganda imechelewa, utakuwa umeshinda.

#27 Mwalimu_Tukuyu
Kwa wanaodhani wazee wetu peke yao ndio walishangaa ndege kupotea na kurudi: Ulaya walikuwa na wasomi walioamini mbayuwayu wanalala chini ya maziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822 huko Klütz, Ujerumani, alipatikana korongo mweupe akiwa hai na mkuki wa Afrika umepita shingoni mwake. Amehifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki wa Mwafrika asiyejulikana ndio uliowaonyesha korongo wao wanakaa wapi wasipokuwapo.

Na sisi tuna korongo wetu, yule mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe. Anazaliana kusini mwa Sahara mvua za huko zikinyesha katikati ya mwaka, kisha anavuka ikweta kuja mvua zetu. Mkulima wa mahindi akimwona shambani asimfukuze. Amefuata viwavijeshi.

#28 Msangu_Halisi
Hapo kwenye viwavijeshi nakuunga mkono mwalimu. Mwaka walipovamia mpunga na mahindi huku, korongo walishuka shamba zima likawa jeusi. Dawa tulikuwa hatuna, wao ndio walitusaidia.

#29 Mvua_ya_Busokelo
Wakuu nje ya mada kidogo. Kumbikumbi mmeshaanza kupata huko? Na ulanzi Iringa bado?

#30 Kamwene_Mufindi
Kumbikumbi subiri mvua mbili tatu nzito. Ulanzi mianzi ikishachipua, masika. Ukiuziwa sasa hivi usiulize umetoka wapi, usinywe tu.

#31 Binti_Matamba
Turudi kwenye ndege tafadhali, nina jambo liko moyoni.

Tunajadili nani anawaambia warudi. Mimi naogopa siku watakaporudi wakakuta hakuna pa kushukia. Nje ya mipaka ya hifadhi, mbuga ya majani inaisha. Kilima kilichokuwa majani nikiwa darasa la tano sasa ni viazi hadi kileleni. Kingine ni paini, kingine milingoti (mikaratusi). Ndege huyu haingii kwenye miti. Panda paini juu ya mashimo ya muhanga, yeye kwake ni sawa na kujengwa ukuta. Huko Afrika Kusini mashamba ya miti ya mbao ndiyo yamechangia sana kumfanya abaki wachache, na duniani anahesabiwa kati ya ndege walio hatarini. Hifadhi ya Taifa Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, kilomita za mraba 412.9, na sifa yake kubwa ni maua. Nashukuru sana kwa maua. Ila naomba huyu ndege naye atajwe, kwa sababu yeye na maua wanategemea majani yaleyale.

#32 Dereva_wa_Fuso
Dada yangu nakuelewa, lakini viazi hivyo ndivyo vinasomesha watoto, wangu wakiwamo. Na paini ndiyo benki ya mtu wa Makete. Huwezi kumwambia mtu aache kilima chake kwa ajili ya mbayuwayu.

#33 Binti_Matamba
Kaka yangu, mimi mwenyewe ni viazi vinanilisha, unavipakia wewe. Sisemi tuache. Lile shimo letu tumeliachia majani pande zote, hatua chache tu, jembe haligusi. Hatujapungukiwa gunia. Kila mwenye shimo akifanya hivyo, ndege ana pa kulala. Na muhanga tusimuue, maana yeye ndiye fundi wa nyumba hizo.

#34 Mchunga_Maziwa
Nakuunga mkono. Na tuongeze wanaochimba kinaka. Wanatoboa mbuga nzima kutafuta viazi vya okidi, vinapelekwa Tunduma kuvuka Zambia. Kitulo inasemwa ina okidi aina 45. Ukipita mahali palipochimbwa utalia, mashimo madogomadogo kila hatua, na nyasi zake hazirudi kama zilivyokuwa.

#35 Kijana_wa_Mafiati
Mmenipa hamu ya kwenda. Ni lazima niwe na darubini ya maana au macho yanatosha? Na niende lini, maana maua wanasema ni mwezi wa kumi na mbili.

#36 Mpiga_Picha_Mbeya
Maua mengi ni Desemba hadi Machi, kweli. Kwa ndege usisubiri, nenda Oktoba na Novemba nyasi zikiwa fupi. Darubini ndogo ya mtumba inatosha. Mbayuwayu hata bila darubini, ukikaa kimya ukingoni mwa bonde wanakupita jirani. Tafuta pia yule ndege mweusi mwenye mkia mrefu wa kuburuta, mwenye alama ya rangi begani. Sasa hivi dume lake bado ni kahawia huwezi kulitofautisha na jike, mvua zikikolea anavaa nyeusi na mkia unaota. Huyo hasafiri kwenda mbali na bado anajua majira. Waeleze hilo nalo watu wa saa.

#37 Mlima_Poroto
Nimesoma yote, asanteni. Nina ombi kwa walioko juu: Matamba, Kikondo, Ujuni, Makete mjini. Mwakani andikeni hapa siku mnapomwona wa kwanza, na kama palikuwa pameungua au la, na upepo ulitoka wapi. Mwenye ndugu Uganda amuulize mvua ya huko ilianza lini. Hoja ya Mrina na ya Mwaka_wa_Tatu haziwezi kuwa kweli zote mbili, na mimi bado naegemea kwenye mabonde ya Kamwene_Mufindi.

#38 Mwaka_wa_Tatu
Zinaweza zote kuwa kweli kaka. Saa inamwondoa, mvua inamharakisha au kumchelewesha, na bonde linamshusha. Ila sawa, tuandike tarehe.

#39 Msangu_Halisi
Andikeni na ya mumbi pia. Leo Rujewa kaunguruma kuanzia saa kumi alfajiri na sasa wingu limefunga upande wa Chimala. Nani yuko huko?

#40 Dereva_wa_Fuso
Niko Chimala hapa mizani ya viazi. Ni manyunyu tu, hata vumbi halijalala, lakini juu kwenye kona kumeshakuwa kweusi. Anayepanda Matamba kesho na gari dogo asubiri hadi mchana barabara ikauke.

#41 Msangu_Halisi
Manyunyu ni mvua. Nimemaliza.

#42 Mwalimu_Tukuyu
Manyunyu ya Oktoba huwa yanakatika wiki mbili tatu, Msangu, usimwage mbegu. Binti_Matamba, wale wa shimo lako wameshataga?

#43 Binti_Matamba
Bado mwalimu. Wanabeba tope.